Pumzi za Dumuzi

Katika nyumba niliyokulia, pale Munisagara, hatukuwa na saa ya kengele wala hatukuihitaji. Kila alfajiri mama aliingia jikoni, akafukua makaa ya jana, akapuliza, moshi ukapanda, naye akaanza kukohoa. Jiko lilikuwa banda lililoegemea ukuta wa chumba changu, kwa hiyo nilikisikia kikohozi chake chote. Viwili vifupi, kimoja kirefu, halafu kimya cha kupangusa macho. Kile kirefu kikimalizika nilikuwa nimeshakaa kitandani, natafuta sketi ya shule. Sikuwahi kuchelewa namba ya asubuhi shuleni, na walimu wakanisifu kwa nidhamu ambayo kwa kweli haikuwa yangu.

Ukizaliwa kando ya reli unazoea treni, na mimi nilikizoea kikohozi kile vivyo hivyo. Nilisoma, nikawa mwalimu wa kemia, nikapangiwa kazi Mikumi, na kwa miaka mingi nilifundisha habari za moshi na masizi bila kumfikiria mama yangu hata kidogo. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja nilimpeleka Kilosa mjini kwa sababu alikuwa akipanda kijilima cha kutoka kisimani anasimama mara tatu. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamuuliza anapikia nini.

“Kuni,” mama akasema.

“Kwa miaka mingapi?”

Mama alinigeukia, akanipima kwa macho, akasema, “Huyu ni wa tatu kuzaliwa, na hata wa kwanza alinikuta napikia kuni.”

Daktari alitoa dawa, lakini alituambia waziwazi kwamba akirudi kwenye moshi ule dawa ni kazi bure, kifua kitaendelea kufunga. Wiki iliyofuata nilifika Munisagara na bodaboda, mtungi wa gesi umefungwa nyuma na jiko la sahani mbili nimelipakata. Ulikuwa mwezi wa saba, watu wametoka kuvuna.

Mama aliutazama ule moto wa buluu muda mrefu, akazunguka upande wa pili, akautazama tena. Kisha akauliza swali ambalo mwanafunzi wangu hajawahi kuniuliza.

“Moshi wake umekwenda wapi?”

Niliketi kwenye kigoda, nikafurahi kuliko ninavyofurahi darasani. Nikamwambia kwamba kuni haiungui yote kwa mpigo. Ikipata joto inatoa mvuke wa vitu vingi, na mvuke huo ukikosa hewa ya kutosha, au ukipoa kabla haujashika moto, unaondoka hivyo hivyo, mbichi. Huo ndio moshi: ni kuni iliyotoroka kabla haijaungua. Gesi ya mtungini inachanganyika vizuri na hewa pale kwenye jiko, inapata oksijeni inayoitaka, inaungua hadi mwisho. Inachoacha ni kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, na vyote viwili havionekani.

“Maji? Motoni?”

Nikachukua sufuria baridi, nikaishika juu ya mwali kidogo tu, nikaigeuza. Kitako kilikuwa kimetanda ukungu. Mama alipitisha kidole, akakitazama kidole chake.

“Kwa hiyo miaka yote nilikuwa nakohoa kuni,” akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Tulikuwa tumeinamia jiko, sote wawili. Hakuna aliyetazama juu.

Juu ya mafiga ya mama kulikuwa na uchaga, yaani vijiti vilivyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya vijiti hivyo yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake. Mahindi yale mama alipewa na mama yake alipoolewa. Ni meupe, mafupi, na karibu kila gunzi lina punje mbili tatu nyekundu, utadhani mtu amezipachika kwa makusudi. Mwaka mmoja nilimletea mbegu ya dukani. Aliipanda, akavuna, akasema ugali wake hauna neno lakini hauna habari pia. Mwaka uliofuata akarudia mbegu yake. Kila msimu alichagua magunzi mazuri, akayapandisha uchagani, na moshi wa kila siku ukayafanya meusi kwa nje. Ndani yalibaki safi. Mbegu isiyopandwa ndiyo tuliyoila mwezi wa kwanza na wa pili, ghala linapokuwa tupu, na ndiyo maana mama hakukubali kabisa kutia dawa ya unga ya dukani. Alisema hawezi kulala na sumu juu ya sufuria.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba moshi ule ulikuwa na kazi nyingine. Au labda kila mtu alijua, na kwa sababu kila mtu alijua hakuna aliyelisema.

Likizo ya mwezi wa tisa nilimkuta mama amenawiri. Alipanda kijilima akisimama mara moja tu. Niliingia jikoni kwa majivuno yote ya mtoto aliyemtendea mzazi wake jambo jema, nikaona vumbi jeupe juu ya sahani za jiko la gesi. Nikalifuta. Nilipogeuka kuchukua chumvi, vumbi lingine lilikuwa limeshatua.

“Hilo linatoka juu, kwenye bati,” mama alisema. “Tangu wiki iliyopita nalifuta.”

Nililionja kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa unga.

Tulishusha magunzi. Ukiligonga moja kwenye kiganja, linatoa unga na dumuzi, wale wadudu weusi wadogo wanaotoboa mahindi, wakijikunja na kujifanya wamekufa. Miaka yote moshi ndio uliokuwa ukiwafukuza. Mimi niliuondoa, nikaeleza kwa ufasaha ulikokwenda, na sikujiuliza ulikuwa unafanya nini pale juu.

Mama hakunilaumu. Alitoka nje, akarudi na kuni tatu, akaziweka kwenye mafiga.

“Mama, usiwashe.”

“Mbegu kwanza.”

“Daktari alisema nini? Si ulimsikia?”

“Nilimsikia. Kifua ni changu, mwanangu. Mbegu si yangu peke yangu.”

Nilikasirika, nikasema maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake. Nilimwambia anachagua mahindi kuliko sisi wanawe. Alipuliza moto. Moshi ulipopanda akaanza: viwili vifupi, kimoja kirefu. Lakini mara hii kile kirefu hakikukatika upesi, ilimbidi ashike ukuta.

Jioni ile nilimwomba radhi, akanipokea. Halafu tukapatana kama ifuatavyo. Magunzi ambayo hayajaharibika sana tuliyagawa mafungu mawili. Fungu moja likarudi uchagani, juu ya moto wa kuni. La pili akanipa mimi. Nikimwonyesha njia ya kuweka mbegu bila moshi wala sumu, ataacha kuni. Nikishindwa, nisimsumbue tena. Na kila siku ya kungoja alikuwa anailipia kwa kifua chake, hilo tulilijua wote wawili.

Nilikuwa na jibu tayari, kwa sababu nimekuwa nikilifundisha kila mwaka. Unasimamisha mshumaa kwenye sahani yenye maji, unauwasha, unaufunika kwa glasi. Mshumaa unazima, maji yanapanda ndani ya glasi. Nami husema: tazameni, hewa ni kama sehemu tano, moja ni oksijeni na karibu nne zote ni naitrojeni, moto umeila oksijeni yote, maji yameingia mahali pake. Maji hayakuwahi kupanda sehemu moja ya tano barabara. Siku nyingine yalizidi, siku nyingine yalipungua, nami nikasema “takribani” na kuendelea na somo.

Nilikwenda hadi Dumila kununua pipa la plastiki la buluu, lenye mfuniko unaobanwa kwa pete ya chuma. Tulipukuchua mahindi, tukayamimina humo, yakafika chini ya nusu. Nikakalisha mshumaa juu yake ndani ya kifuniko cha kopo, nikauwasha, nikafunga pipa, nikapaka nta kwenye ukingo.

“Moto utakula oksijeni yote, wadudu watakosa pumzi,” nikamwambia.

“Na mshumaa utajuaje kwamba umeimaliza?”

“Utazima.”

Aliguna. Nikarudi Mikumi.

Baada ya majuma mawili nilikwenda tena, tukafungua. Mshumaa ulikuwa umezima ukiwa bado mrefu, umepungua kidogo sana. Juu yake alikuwa amesimama dumuzi mmoja. Wengine walikuwa wanatembea juu ya mahindi kwa starehe zao. Mama alizamisha mkono ndani ya punje mpaka kwenye kiwiko, akautuliza humo kwa muda.

“Yana joto,” akasema. “Mahindi yenye dumuzi huwa na joto. Hawa hawajambo, mwalimu.”

Aliponiita mwalimu nilijua nimeshindwa duru ya kwanza. Uso wake ulikuwa umejaa masizi. Nilichota dumuzi na mahindi nikatia kwenye chupa mbili tupu za asali, nikaondoka nazo Mikumi zikiwa zimeviringishwa ndani ya khanga.

Jumatatu niliingia kidato cha pili nikiwa na hasira na mshumaa. Niliweka dumuzi kumi na punje chache ndani ya chupa moja kubwa ya kioo, nikashusha kipande cha mshumaa kinachowaka, nikafunga. Darasa zima lilisogea. Mwali ulirefuka, ukafifia, ukazima. Dumuzi wote kumi waliendelea na safari zao. Mmoja akapanda ukuta wa chupa, akaanguka, akapanda tena.

“Mwalimu,” msichana wa mstari wa mbele aliuliza, “kama oksijeni imeisha, hao wanapumua nini?”

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimewaambia watoto wa watu jambo lisilo kweli, na dumuzi kumi wakaja kunisuta mbele ya darasa. Nilimjibu kwamba sijui, ila nitajua. Darasa lilitazamana, kwa sababu hawajazoea kumsikia mwalimu akisema hivyo.

Nilisoma usiku na mchana, na nilichokikuta kilinifurahisha kiasi cha kusahau aibu. Mwali wa mshumaa ni kitu cha madeko. Hewa ina takribani sehemu ishirini na moja za oksijeni katika kila mia, na mshumaa ukifika kama kumi na sita unakata tamaa na kuzima. Oksijeni nyingi bado ipo. Yale maji kwenye glasi hupanda hasa kwa sababu hewa iliyopata moto hutanuka, nyingine hutoroka pembeni, na iliyobaki ikipoa hujikunyata. Dumuzi hana madeko. Anaweza kuendelea kuishi hewa ikiwa imechujuka kiasi ambacho hakuna moto wowote wa mshumaa ungethubutu kuwaka.

Hapo nikaukumbuka mkono wa mama. Yana joto, alisema. Joto lile lilitoka wapi, ndani ya pipa lililofungwa, kivulini? Nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu na nikalipita, kwa kuwa lilisemwa na mtu anayepukuchua mahindi, si kitabu. Kupumua nako ni kuungua. Kunakwenda polepole, hakuna mwali, lakini hesabu yake ni ile ile: chakula na oksijeni vinaingia, kaboni dayoksaidi, maji na joto vinatoka. Dumuzi ndani ya mahindi walikuwa moto wenyewe. Sikuhitaji kuwaletea mwingine. Nilichohitaji ni kuwanyima hewa ya ziada, wao wenyewe waimalize hadi mwisho, mahali ambapo mshumaa hauwezi kufika.

Chupa mbili za asali zilinipa uthibitisho. Moja niliiacha na punje kidogo na hewa nyingi. Ya pili niliijaza mahindi mpaka shingoni, nikaitikisatikisa, nikaongeza, mpaka hewa iliyobaki ikawa ile ya katikati ya punje tu. Zote nilizifunga kwa nta, nikaziweka dirishani maabara. Wanafunzi walizichungulia kila asubuhi kabla ya namba. Baada ya majuma mawili na ushei, ile yenye hewa ilikuwa na wadudu wazima. Ile iliyojaa ilikuwa kimya. Tuliifungua, tukaimwaga juu ya karatasi, tukangoja waache kujifanya wamekufa. Hawakuacha.

Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa Munisagara. Pipa la buluu tulilistaafisha, likawa la maji mpaka leo. Tulichukua madumu ya lita ishirini ya mafuta ya kula, tukayaosha, tukayaanika juani siku nzima mpaka yakakauka kabisa, na mahindi tukayaanika pia. Tukayajaza kwa faneli ya karatasi ngumu, mama akiyagonga chini ili punje zishuke, mimi nikiongeza, hadi pasibaki nafasi ya kuweka kidole. Chini ya kila kizibo tuliweka kipande cha mpira wa baiskeli, na juu tukapaka nta.

“Mshumaa uko wapi?” mama akauliza.

“Dumuzi ndio mshumaa, wamo humo humo. Wanapumua mpaka waimalize hewa yao wenyewe.”

Alifikiri. “Ndiyo maana mahindi yao yana joto.”

“Ndiyo maana.”

“Mbona hukuniuliza tangu mwanzo?”

Nilipaka nta tena kizibo ambacho kilikuwa kimeshapakwa.

Nilimsihi asifungue hata kuchungulia, maana kila akifungua anawapelekea hewa mpya. Najua anavyofunua wali mara tano kabla haujaiva. Alichana ukanda wa khanga kuukuu, akavifunga vizibo vyote pamoja kwa mafundo mengi, ili akijaribiwa achoke kufungua. Kisha akaendelea kukoka moto wa kuni kwa lile fungu la uchagani, kwa sababu neno letu lilikuwa neno. Nilirudi Mikumi nikihesabu majuma, na kila nilipompigia simu nilimsikia akikohoa kabla hajasema haloo.

Mvua za vuli zilipokaribia nilikwenda. Mama alifungua mafundo mwenyewe, bila haraka. Kizibo cha kwanza kilitoa harufu nzito ya kitu kilichofungiwa. Alimimina mahindi kwenye ungo, akapepeta. Dumuzi walidondoka ukingoni pamoja na makapi, miguu juu. Yaliyobaki dumuni akayamwaga kwenye beseni, akazamisha mkono humo, akafumba macho.

“Yamepoa,” akasema.

Nilitaka kurukaruka. Lakini mama hajawahi kuamini mbegu kwa sura. Alihesabu punje kumi, mbili kati yake zikiwa nyekundu, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, akakiweka chini ya sahani. Siku zile za kungoja ndizo zilizonitia hofu kuliko zote, kwa kuwa punje nayo ina uhai na uhai nao unapumua, na sikuwa na hakika kama nimewaua wadudu peke yao. Nilikuwa nimesoma kwamba punje kavu hupumua kidogo mno, inaweza kuvumilia. Lakini nilikuwa nimesoma pia habari za mshumaa.

Siku ya nne alinyanyua sahani. Tisa zilikuwa zimeota, na nyekundu zote mbili zilikuwamo.

Alipika ugali wa siku hiyo kwa gesi, nami sikuuliza, nikaogopa kuharibu. Tukapanda mbegu, mvua ikaja, nikaondoka.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili niliingia jikoni nikakuta uchaga umeshushwa, vijiti vimekuwa uzio wa bustani ya mchicha. Kuku alikuwa ameatamia katikati ya mafiga, juu ya majivu baridi, na alinitazama vibaya kwa kuwa nilimkaribia.

“Mwache,” mama alisema. “Hapo hakuna mtu anayepahitaji.”

Nilikaa wiki moja. Siku ya kuondoka nilipaswa kuwahi basi la asubuhi la kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na bodaboda alisema ataningoja barabarani saa kumi na moja na nusu. Sikutega simu. Katika nyumba ile sijawahi kutega chochote.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa ukutani. Nilivaa kiatu kimoja, nikakimbilia jikoni na kingine mkononi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, chai inachemka juu ya moto wa buluu, anachambua mchicha na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, ubeti mzima bila kukata pumzi.

“Shikamoo mama. Basi limeniacha. Mbona hukuniamsha?”

“Marahaba.” Alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Mimi? Kwani nimewahi kukuamsha, hata siku moja?”